Darasa Lenye Kaunta

Siku ya kuandikisha watoto wa chekechea nilifika saa moja asubuhi nikakuta mawe ishirini na sita yamepangwa mstari mlangoni, na mtu hata mmoja hayupo. Mengine yalikuwa mawe ya heshima, ya kuzuilia mlango. Mengine yalikuwa vipande vya tofali. Moja lilikuwa limefungwa kitambaa cha kitenge ili lisichanganywe na la jirani. Mgeni angedhani ni uganga. Mimi sikushtuka. Nilitoa daftari, nikaketi kwenye kizingiti, nikangoja wenye mawe warudi kutoka palizini.

Jengo lile la Lizaboni, hapa Songea mjini, lilikuwa duka la ushirika. Miaka ya shida, sukari ikija mara moja kwa mwezi na sabuni ikija inapojisikia, mama zetu waliamka alfajiri, kila mmoja akaweka jiwe lake kwenye foleni, kisha akaenda kulima. Jiwe lilikuwa mtu. Kulisogeza jiwe la mwenzio ilikuwa sawa na kumsukuma yeye mwenyewe, na kwenye duka kama hilo kijijini kwetu nimeona kwa macho yangu wanawake wawili wa kwaya moja wakivuana vilemba kwa ajili ya nusu tofali. Halafu zikaja enzi za ruksa. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta chochote, sukari ikajaa mpaka kwenye vimeza vya barabarani, na duka la ushirika likakosa mtu wa kupanga foleni. Likafungwa, popo wakahamia. Ndipo kamati ya mtaa ilipokumbuka kwamba mtaa una watoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Maposeni, nina cheti cha kozi ya malezi ya miezi mitatu, na nina hasira. Hasira sikuisomea. Kwetu wanasema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga akanisalimia yeye kwanza.

Sasa nieleze chumba, kwa sababu chumba ndicho kilichonitesa. Katikati yake, ukuta hadi ukuta, ilipita kaunta ya mninga, nzito, ya kunifika kifuani. Juu ya kaunta kulikuwa na wavu wa waya uliopanda mpaka darini, maana siku moja khanga zilipoletwa wateja waliwahi kuruka. Kwenye wavu kulikuwa na kidirisha kimoja cha kupitishia mkono. Mbele ya kaunta ni upande wa wateja, nyuma ni upande wa muuzaji, na nyuma kabisa kuna mlango wa uani, ule wa wanaojuana. Ukuta pekee ulionyooka vya kutosha kupakwa rangi ya ubao ulikuwa kule nyuma. Juu ya ubao palikuwa na maandishi mekundu, makubwa: SUKARI HAKUNA. Tuliyapaka chokaa mara tatu. Kila masika yalirudi.

Niliiomba kamati iondoe kaunta. Kamati ikasema kaunta ni mali ya ushirika, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kutia saini ya kuihamisha mali ya ushirika, hata kama ushirika wenyewe ulishahama. Basi watoto wakakaa upande wa wateja, mimi nikasimama upande wa muuzaji pamoja na ubao, chaki, vikombe na sufuria ya uji, na hivyo ndivyo tulivyoanza elimu.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Wiki ya pili niliingia asubuhi nikakuta wamepanga foleni mbele ya kidirisha, wanasukumana viuno, na wa kwanza akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu mzima mwenye siri, "Mwalimu, leo kuna nini?"

"Leo kuna irabu," nikasema.

Akageuka nyuma akawatangazia wenzake, "Kuna irabu!" Wakasukumana zaidi.

Hawa watoto, naomba ieleweke, walikuwa wa miaka mitano, sita. Duka lilipofungwa walikuwa wanatambaa. Hawakuwahi kununua humo hata kijiti cha kiberiti. Lakini ndani ya mwezi mmoja walikuwa na mambo yote. Nikigawa chaki, kila mtoto alipokea, akaificha kwenye kaptula, akarudi nyuma ya foleni na uso wa mtu ambaye hajawahi kuiona chaki. Mmoja wao alikutwa na vipande tisa ndani ya soksi, na hakuwa anajua kuandika hata moja. Kulikuwa na waliowashikia wenzao nafasi kwa malipo ya karanga. Walileta mawe. Asubuhi nilikuta kokoto zimepangwa sakafuni chini ya kidirisha na wenyewe wako nje wanacheza, na ole wako upige kokoto teke, kilio chake kilisikika mpaka Bombambili.

Na walikuwa na meneja. Huyo alikuwa binti wa fundi cherehani wa kona, kibinti chembamba, jino moja la mbele halipo, ambaye hakuna aliyemteua. Kila nikitoka kwenda uani, yeye alipita chini ya kaunta palipokuwa na ubao uliolegea, akapanda juu ya kopo, akaweka viwiko kwenye kidirisha, akawatazama wenzake kwa uchovu mkubwa. "Imeisha," aliwaambia. Hakuna aliyeuliza ni nini kilichoisha. Waliondoka wameinamisha vichwa.

Nilijaribu kila kitu. Niliwaimbisha nyimbo za adabu, wakaziimba vizuri sana wakiwa kwenye foleni. Niligomba. Nilishika fimbo, nikagundua haipiti kwenye wavu. Niliwaita wazazi nikawaambia watoto wao wameharibika, samaki mkunje angali mbichi, nao wakaitikia kwa huzuni, na wakati wa kutoka nikaona wamepanga mstari mlangoni bila kuambiwa.

Mpika uji wetu, mama mmoja wa Kiyao kutoka Nakapanya kule Tunduru, mswalihina, mwenye upawa mkubwa na maneno makubwa kuliko upawa, alikuwa na maoni yake. "Watoto wa huku mjini hawana haya, mwanangu," aliniambia. "Jana mmoja kaniletea yai la kuchemsha kwa mlango wa uani. Eti nimfikirie kwenye uji. Mtoto wa miaka mitano, wallahi, anahonga!"

"Ukamfanya nini?"

"Yai lilikuwa la moto," akasema, akaangalia pembeni.

Yote hayo ningeyavumilia kama si muuza mitumba. Alikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Makambako, mwenye marobota yake sokoni chini ya turubai, na mvua za Songea zilikuwa zimemchosha. Alilitamani jengo. Aliiambia kamati kwamba ataliezeka upya, na kwamba kule ndani hakuna shule, kuna vurugu. Kamati, badala ya kukataa, ikafanya kile ambacho kamati hufanya: ikaandika barua. Jibu likaja kwamba mkaguzi wa elimu atatembelea. Akiona ni darasa, chekechea itaandikishwa na jengo litakuwa letu. Akiona si darasa, mwisho wa mwezi mitumba inaingia na watoto wanarudi kwa mama zao.

Nililia siku hiyo, nasema kweli. Cheti changu cha miezi mitatu hakikuwa na mahali pengine pa kwenda zaidi ya Maposeni kupalilia mahindi ya baba, na tulikuwa tumeachana na baba kwa maneno ambayo yasingeruhusu jembe. Lakini si hilo tu. Niliwapenda wale wahuni. Nilikuwa sijawaambia, na sikuwa na mpango wa kuwaambia, lakini niliwapenda.

Wiki nzima tulifanya mazoezi. Mkaguzi akiingia, mnakaa kwenye mikeka. Mikono mnakunja. Mnasema, "Shikamoo, mkaguzi." Hakuna foleni, hakuna kokoto, hakuna mtu kupita chini ya kaunta. Nani atapita chini ya kaunta? "Hakuna, mwalimu!" Binti wa fundi ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi, na mimi, mjinga, nikamwamini.

Mkaguzi alisema atakuja Ijumaa. Akaja Alhamisi.

Siku hiyo kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa, nikatoka uani kumsaidia mama wa uji kupuliza moto. Ilikuwa Juni, baridi la Songea la kukata masikio, nasi tulikuwa tumeinama na macho yanatoka machozi ya moshi. Kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi nikasikia sauti ya mwanaume ndani, Kiswahili safi cha pwani, na sauti ya meneja wangu ikimjibu.

"Baba, foleni iko huku."

"Ah. Samahani, mama."

Nilinyanyuka nikachungulia. Mtu mzima mwenye suti ya kaki na mkoba wa ngozi alikuwa amesimama kwenye foleni. Alikuwa wa tano, nyuma ya kokoto tatu na mtoto mmoja. Huenda mwanzo alitaka kutania tu na watoto. Lakini nilimtazama vizuri: alikuwa amesogeza uzito kwenye mguu mmoja na shingo ameinyoosha kidogo kuangalia mbele, kama wanavyosimama watu waliosimama sana. Hakuwa anatania. Mwili ulikuwa umemtangulia.

"Weka jiwe," binti wa fundi akamwambia kutoka kwenye kidirisha.

"Sina jiwe."

"Weka mkoba."

Akaweka mkoba. Zamu yake ilipofika, akainama mpaka uso ukalingana na kidirisha.

"Unataka nini?"

"Natafuta mwalimu."

Binti wa fundi akageuka, akaangalia rafu tupu, moja moja, bila haraka. "Mwalimu ameisha," akasema.

"Ameisha?" Na hapo, Mungu anisamehe, sauti ya yule mtu ikalegea. "Atakuja lini?"

"Hatujui. Gari halijafika."

"Tafadhali nifikirie, mama. Nimetoka mbali."

"Wote hawa wametoka mbali," meneja akasema, akionyesha kokoto. Kisha huruma ikamwingia. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza mdomo kwenye wavu. "Pita uani."

Mkaguzi wa elimu akachukua mkoba wake. Akatoka taratibu, akazunguka jengo akinyata na kuangalia nyuma kama kuna anayemwona, akatokeza uani, na kunikuta mimi na mama wa uji tumesimama na vipande vya kuni mkononi.

"Samahani, dada," akaanza kwa kunong'ona. "Nimeelekezwa huku kwamba labda..." Aliutazama mkoba wake. Alinitazama. Uso wake ulipitia rangi ambazo sijaziona tena kwa mtumishi wa umma.

"Astaghfirullah," mama wa uji akasema, akaziba mdomo kwa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mkaguzi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najiona niko njiani kurudi Maposeni. Kisha akaacha ghafla. "Mwalimu," akasema, "nimepanga foleni kwa mtoto wa miaka mitano."

"Sita, mwezi ujao," nikasema. Sijui kwa nini. Nilidhani itasaidia.

Nikaanza kujitetea. Nikasema watoto hawa wameshindikana, nimewaonya, nimewaimbisha, malezi ya nyumbani ni mabaya, mji umeharibika. Alinisikiliza, akasimama, akaingia ndani kwa mlango wa uani, akasimama nyuma ya kaunta, mahali pangu. "Zunguka," akaniambia. "Nenda upande wa watoto."

Nilikuwa nimefundisha mle miezi mitano, na sikuwahi kusimama upande ule zaidi ya kupita. Nikapiga magoti ili nifike kimo chao, maana alinitaka nifanye hivyo. Kutoka pale ubao huuoni. Unaona mbao za mninga. Ukinyanyua shingo unaona wavu, na nyuma ya wavu nusu ya mtu. Chaki ziko kule. Uji uko kule. Kila kizuri kiko kule, na kidirisha ni kimoja.

"Omba chaki," akasema.

"Naomba chaki."

"Subiri," akasema, bila kunitazama.

Hasira zangu zote zikapanda, nikataka kuruka. Na hapo hapo nikalitambua lile neno. Lilikuwa langu. Nililisema mara mia kwa siku, kwa sauti ile ile, nikiangalia pembeni vile vile. Binti wa fundi hakujifunza umeneja kutoka kwa muuzaji wa zamani, maana hakumwona maishani mwake. Alinisoma mimi. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelionyesha langu kwa kidirisha miezi mitano. Niliona aibu, na magoti yakaniuma, na nilibaki pale chini muda mrefu kuliko nilivyotakiwa.

Mkaguzi akatoa karatasi. "Saini ya kaunta nitatia mimi," akasema. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Nikikuta foleni, nitatia saini nyingine, ya mitumba."

Kaunta ilitolewa Jumamosi na wanaume sita na matusi mengi. Chini yake tulikuta panya aliyekauka, kadi ya mgao, na mche mzima wa sabuni uliokuwa mgumu kama tofali. Wazazi waliokuja kutazama waliuzunguka kama maiti. Mama mmoja akasema, "Nilijua! Nilijua siku ile ilikuwepo!" Aliyeichukua kaunta ni muuza mitumba, akatupatia mikeka minne mipya badala yake, akaiweka sokoni na kupanga nguo zake juu yake. Jengo aliendelea kulitamani.

Jumatatu watoto waliingia, wakaenda moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, wakasimama kwenye foleni mbele ya hewa. Mzoea punda hapandi farasi. Binti wa fundi alitafuta mahali pa kupita chini, hapakuwepo, akaangua kilio. "Nitasimama wapi mimi?" alilia. Nilitaka kumnyamazisha, lakini na mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye alama ya kaunta sakafuni, sijui niende wapi.

Tulitandika mikeka duara, sufuria ya uji katikati. Chaki nikaziweka zote kwenye kopo, chini, mahali mkono wowote unafika. Siku ya kwanza ziliibwa zote. Nilikaza meno nikajaza tena. Siku ya pili ziliibwa nusu. Siku ya nne mtoto wa soksi alikuja na mfuko wa nailoni, akamimina kwenye kopo chaki nyingi kuliko nilizowahi kugawa, akapangusa mikono, akaenda kuchora ng'ombe. Kokoto zilipungua zenyewe. Mama wa uji alilalamika kwamba hapati tena mayai.

Mkaguzi alirudi siku aliyosema, saa nne, wakati wa uji. Alisimama mlangoni akasubiri kusalimiwa. Hakuna aliyemwona. Wawili walikuwa wanagombania ng'ombe yupi ana pembe, wengine wanapitishiana vikombe, na shikamoo yote tuliyoifanyia mazoezi ikasahaulika. Nikajua tumekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma, nimesimama wima ukutani chini ya SUKARI HAKUNA, mikono nimeikunja, kama nilivyosimama kila siku tangu kaunta iondoke, nikiwatazama wakinywa uji wao. Sikuwa na upande tena.

Mkaguzi akanitazama. Akafungua mkoba, akatoa kalamu, lakini hakuandika. Akabaki ananitazama pale ukutani.

Ndipo binti wa fundi akanyanyuka. Akaja mpaka kwangu, akanishika kidole, akanivuta. Kati yake na mtoto wa soksi, juu ya mkeka, palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo palikuwa na jiwe moja, zuri, limeoshwa.

"Lako hilo, mwalimu," akasema. "Nakuwekea kila siku, wewe huji."

Nilikaa. Nikasikia kalamu ya mkaguzi ikianza kuandika mlangoni, na sikugeuka. Sufuria ilizunguka mkono kwa mkono, ikanifikia mimi wa mwisho kabisa, nikachungulia ndani kwa mazoea, nikiwa tayari nimeshaandaa uso wa kuambiwa umeisha. Uji ulikuwepo.